Sura ya Sita: Kilichokuwa Chini ya Mdundo

Mwaka 1994 kumbi za disko za Marekani na Ulaya zilipiga wimbo ambao wengi waliucheza kwa miezi bila kuusikiliza. Mdundo wake ni wa polepole, kama mapigo 90 kwa dakika, mzito, wenye kukivuta kiuno. Kiitikio chake kina tusi la chumbani, na tusi hilo ndilo lililoupa umaarufu: redio zililikata, MTV ikalifuta, na vijana wakalipiga kelele kwa pamoja kila lilipofika. Wimbo unaitwa Closer. Bendi inaitwa Nine Inch Nails, na miaka ile bendi hiyo, inapokuwa studioni, ilikuwa zaidi mtu mmoja: Trent Reznor, mzaliwa wa Pennsylvania wa mwaka 1965, aliyeanza kama kijana wa kufanya usafi na kazi ndogondogo katika studio mjini Cleveland, akirekodi nyimbo zake saa ambazo hakuna mteja.

Waliouchukua kuwa wimbo wa mahaba waliusikia nusu. Reznor aliuweka wa 5 kati ya nyimbo 14 za albamu The Downward Spiral, na albamu hiyo inamfuata mtu anayejivua kila kitu kimoja baada ya kingine: imani, watu wake, heshima yake, na mwishowe uhai. Closer ni kituo cha njiani katika safari hiyo. Anayeimba anajichukia kiasi kwamba anautafuta mwili wa mwenzake apate kujisahau ndani yake kwa dakika chache. Anachokiomba ni kuacha kuwa yeye. Hakuna furaha hata chembe katika maneno hayo, lakini mdundo ulikuwa mtamu mno, na utamu ukayameza maneno.

Albamu ilitoka tarehe 8 Machi 1994 na kuingia moja kwa moja nafasi ya 2 katika orodha ya albamu ya Billboard. Tarehe 30 Mei mwaka huohuo ikafuata singo iliyopewa jina Closer to God. Mashabiki huiita pia Halo 9, kwa sababu Reznor huzipa kazi zake rasmi namba zinazofuatana tangu singo ya kwanza kabisa, Down in It, ya mwaka 1989. Toleo la CD lililouzwa Marekani lina vipande tisa na zaidi ya dakika 50 za muziki. Ndani yake mna Closer yenyewe, rimiksi zake tano, rimiksi za nyimbo nyingine mbili za albamu, na wimbo mmoja wa kuazima. Ukubwa huo tu unatosha kukuambia kwamba aliyeipanga hakuwa anajaza nafasi.

Singo za rimiksi zilikuwa biashara ya kawaida wakati ule. Kampuni ya muziki ilimlipa DJ mwenye jina, DJ akauongezea wimbo ngoma za kuchezeka, na shabiki akanunua wimbo uleule mara ya pili. Nyingi kati ya CD hizo zimesahauliwa, na hazikuonewa kusahauliwa. Closer to God nainyanyua juu ya rundo hilo kwa sababu moja: ndani yake wimbo unahakikiwa kwa sauti badala ya maandishi, na angalau kipande kimoja kinauelewa wimbo kuliko ulivyoeleweka na watu waliokuwa wakiucheza. Basi kipimo changu katika sura hii ni kimoja. Rimiksi imefichua nini ambacho wimbo ulikuwa umekifunika?

Huwezi kuuhukumu ufumuaji bila kuijua nguo. Closer inaanza na ngoma pekee, pigo la chini na mfyonzo mfupi wa hewa juu yake. Ngoma hiyo haikupigwa kwa ajili ya wimbo huu. Ni sampuli iliyotolewa katika Nightclubbing, wimbo wa Iggy Pop uliomo kwenye albamu The Idiot ya mwaka 1977, ambayo Iggy aliitengeneza pamoja na David Bowie; na hata huko haikupigwa na mkono wa mtu, ilikuwa mashine ya ngoma. Reznor na mtayarishaji mwenzake, Mwingereza anayejulikana kwa jina la Flood, waliibana na kuiharibu makusudi mpaka ikawa kavu na nzito kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo kabla rimiksi yoyote haijatengenezwa, Closer ilikuwa tayari imejengwa juu ya wimbo mwingine uliokatwa na kugeuzwa. Jambo hili tulishike, litatufaa mbele.

Baada ya ngoma inaingia besi ya sinthesaiza, kisha sauti ya Reznor ikiwa karibu sana na maikrofoni, karibu kiasi cha kusikia pumzi. Anaimba kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua. Kiitikio kinakuja, kinapita, kinarudi. Halafu, maneno yakiisha, wimbo unaendelea bila mwimbaji kwa muda mrefu usio wa kawaida kwa singo ya redio. Vinanda vinaongezwa, gita linaongezwa, kelele inapandana juu ya kelele, mpaka unadhani hakuna tena pa kuingiza sindano. Ghafla vyote vinakatika. Inabaki melodi moja ya piano, ikishuka noti baada ya noti. Melodi hiyohiyo inarudi karibu na mwisho wa albamu, katika wimbo uliobeba jina la albamu, pale mhusika anapojiua. Hapo ndipo msikilizaji wa albamu anapojua kwamba Closer ilikuwa imemwonyesha kaburi mapema. Wachezaji wa disko hawakufika hapo. DJ alikuwa keshaingiza wimbo mwingine.

Maandishi mengi kuhusu albamu hii yanapenda kukaa kwenye nyumba iliporekodiwa, barabara ya Cielo Drive mjini Los Angeles, ambako mwigizaji Sharon Tate na wenzake waliuawa na kundi la Charles Manson mwaka 1969. Ni kweli Reznor aliikodi nyumba hiyo na kuigeuza studio. Lakini habari hiyo imeandikwa kuliko muziki wenyewe, na haimsaidii mtu kusikia chochote. Naipita.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea rimiksi za Bongo Fleva anahitaji kubadili masikio kidogo. Kwetu rimiksi mara nyingi huwa na maana ya mgeni: biti inabaki ileile au karibu na ileile, anaongezwa msanii wa nchi nyingine, wimbo unavuka mpaka. Number One ya Diamond Platnumz ilipoongezewa Davido ilifungua soko la Nigeria, na ilifanya kazi hiyo vizuri sana. Rimiksi ninazozizungumzia hapa zina ukoo tofauti. Hazimwongezi mtu. Zinaondoa. Mchanganyaji anapewa kanda zenye kila sauti katika njia yake: ngoma peke yake, besi peke yake, sauti ya mwimbaji peke yake. Anazima hiki, anakivuta kile, anakiingiza kingine katika sampla na kukikata vipande, anaweka mwangwi mahali palipokuwa pakavu. Anaweza kumaliza kazi akiwa amebakiza asilimia ndogo tu ya kanda alizopewa, na bado ikawa rimiksi halali.

Ukoo huo unaanzia Jamaika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Ruddy Redwood, mwenye mitambo ya muziki wa kuchezesha watu huko Spanish Town, alipiga sahani ya On the Beach ya kundi la Paragons iliyokatwa bila sauti za waimbaji. Watu wakaimba wenyewe. Studio za Kingston zikagundua kwamba wimbo ukivuliwa sauti haufi, na muda si mrefu King Tubby, fundi umeme wa kitongoji cha Waterhouse, akawa anapiga mikisa kama ala: anazima besi, anairudisha, anaitupa sauti ya mwimbaji kwenye mwangwi mpaka inayeyuka. Hiyo ndiyo dab. Uhandisi wote wa rimiksi uliofuata unadaiwa na vyumba vile vidogo vya Kingston, na inafaa kusemwa wazi, maana historia za roki huwa zinauanza mkasa huu New York kwenye disko.

Uhusiano wa dab na Nine Inch Nails ni wa damu kabisa. Kijana wa Kiingereza, Adrian Sherwood, alikulia katika muziki wa Wajamaika, akafanya kazi na wasanii wao kama Prince Far I, na akaanzisha lebo ya On-U Sound. Mwaka 1986 aliitayarisha albamu Twitch ya Ministry, bendi ya Chicago, na humo ukaiva mchanganyiko wa mashine, gita na mwangwi wa dab ambao roki ya viwandani ya Marekani iliuiga kwa miaka kumi. Mwaka 1989 Reznor alipotaka watu wa kumsaidia kwenye Down in It, alimwendea Sherwood na Keith LeBlanc, mpiga ngoma aliyewahi kupiga katika rekodi za rap za lebo ya Sugar Hill. Hebu liangalie hilo: kijana mweupe kutoka mji mdogo wa Pennsylvania, kwenye singo yake ya kwanza, ameshikwa mkono wa kulia na dab ya Jamaika na wa kushoto na hip hop ya New York.

Sherwood yumo pia ndani ya Closer to God. Alipewa March of the Pigs, wimbo mfupi na mkali wa albamu, unaokwenda kwa kasi ya mapigo 269 kwa dakika na kuhesabiwa saba, saba, saba, nane, hivi kwamba mguu wako haujui ukanyage wapi. (Aliyelelewa na singeli ya Dar es Salaam hatatishwa na kasi hiyo, atasumbuliwa na hesabu.) Rimiksi yake ina jina lenye tusi, nami naliacha. Sherwood ameuvunja wimbo mpaka huutambui tena. Wapo wanaolalamika kwamba hakuna kilichobaki. Mimi nasikia kimebaki kitu kimoja cha maana, nacho ni kutotulia. Katika wimbo wa asili hasira inatoka kwa kasi. Kwa Sherwood kasi imeondolewa, na hasira imebaki inazunguka chumbani haina pa kutokea. Ni somo la King Tubby lililofundishwa upya, kwamba ukitaka kujua wimbo unasimama juu ya nini, uuondolee kile kila mtu anachokisifia.

Lakini moyo wa singo hii ni kipande cha pili, Closer (Precursor), kilichotengenezwa na Coil wakishirikiana na mhandisi Danny Hyde. Hapo nataka kukaa.

Coil walikuwa wawili hasa, John Balance na Peter Christopherson, wapenzi na wasanii wenza, wakiishi na kufanya kazi London. Christopherson alikuwa mmoja wa wanne wa Throbbing Gristle, kundi lililoanzisha lebo ya Industrial Records mwaka 1976 na kuupa muziki wa viwandani jina lake. Kundi hilo halikuwa la roki. Halikutaka gita la kusisimua wala nyimbo za kuimbwa na umati. Lilitaka kelele, kanda zilizokatwa, na habari za mambo ambayo jamii inayafunika. Reznor aliwapenda Coil toka ujana wake na hajawahi kuficha. Mwaka 1992 alikuwa tayari amewapa wimbo wa Gave Up kwenye Fixed, CD ya rimiksi za nyimbo za CD yake Broken. Kwa hiyo mwaka 1994 kijana aliyeuza mamilioni anawapelekea kanda zake watu ambao rekodi zao ziliuzwa kwa maelfu, na kuwaambia wafanye watakavyo. Alikuwa mwanafunzi anayempelekea mwalimu kazi isahihishwe.

Nao waliisahihisha. Precursor ina zaidi ya dakika saba. Ngoma ya Nightclubbing, ile iliyokuwa inakivuta kiuno, imevunjwa. Inakuja vipandevipande, inakwama, inajaribu tena. Katikati ya mapigo kumejaa mikwaruzo, milio midogo ya vitu vinavyotambaa, sauti za chuma kisichotiwa mafuta. Sauti ya Reznor, ambayo katika wimbo wa asili ilikuwa sikioni kwako, imesukumwa mbali na kukatwakatwa. Huwezi kuucheza. Ukijaribu, ngoma inakuacha mguu ukiwa hewani.

Hapo ndipo ninaposema Coil waliuelewa wimbo. Waliuliza swali ambalo wenye disko hawakuliuliza: ni mtu gani anayesema maneno haya? Wakajibu kwa kutuweka ndani ya kichwa chake. Utamu wa mdundo ulikuwa ndio kifuniko. Katika Closer mtu mgonjwa anazungumza kwa sauti ya kuvutia, na mvuto unatufanya tusahau ugonjwa. Coil wanauondoa mvuto, na ugonjwa unabaki mezani bila sahani. Na tazama uamuzi wao juu ya sampuli ya Iggy Pop. Wengine wote walioupata wimbo huu waliiona ngoma hiyo kuwa mali ya kulindwa au kubadilishwa na nyingine ya kuchezeka zaidi. Coil waliiacha ibaki, lakini wakaivunja mahali palepale Reznor alipoiunga. Mshono ukafumuka, tukaona kwamba ule mwendo wa kujiamini ulikuwa wa kuazima tangu mwanzo.

Ushahidi kwamba hawakukosea ulikuja mwaka uliofuata. Tarehe 22 Septemba 1995 filamu ya Se7en ya David Fincher ilianza kuonyeshwa Marekani, na majina ya mwanzo ya filamu hiyo, yaliyobuniwa na Kyle Cooper, yanakwenda juu ya Precursor. Kwa kama dakika mbili tunaona mikono isiyo na mwenyewe: inakata ngozi ya vidole kwa wembe, inashona kurasa, inafuta maneno, inabandika picha katika daftari. Herufi za majina zimekwaruzwa na zinaruka. Ni muuaji akiandaa vitabu vyake, na bado hatumjui. Jina la mwigizaji anayemcheza, Kevin Spacey, halikuwekwa katika majina hayo, ili mtazamaji asianze kumtafuta. Kwa hiyo muuaji anatambulishwa kwetu kwa sikio, muda mrefu kabla ya sura. Na sauti ya Reznor inasikika mwishoni tu, mstari mmoja wa kiitikio, ule unaomtaja Mungu, kisha kimya. Maneno yaleyale yaliyokuwa yakipigiwa kelele disko sasa yanatoka kwa mtu anayeua watu akiamini anatumwa kutoka juu. Hakuna hata neno moja lililobadilishwa.

Sijui kisa kingine katika muziki wa miaka hiyo ambapo rimiksi ilishinda wimbo wake mama kwa kiasi hicho katika kubainisha maana. Closer yenyewe iliishia nafasi ya 41 katika orodha ya Billboard Hot 100, ikasindikizwa na video ya Mark Romanek yenye picha za kutisha na nzuri mno, ambayo leo imo katika hifadhi ya makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA. Video hiyo nayo ilijaribu kusema kilichomo: imetengenezwa ionekane kama filamu chakavu ya zamani, maabara ya mtu asiye na haya. MTV iliikata na kuweka mahali pa picha zilizoondolewa maandishi yanayosema kwamba kipande hakipo. Romanek alifika karibu. Coil walifika.

Rimiksi nyingine za Closer ndani ya CD hii nazipa muda mfupi zaidi. Ile ya kwanza, iliyobeba jina la singo, ina kishindo, na kama mlango wa kuingilia inafaa. Sauti zimekatwa na kurudiwarudiwa, kelele zimeongezwa. Hata hivyo imeuacha wimbo palepale redio ilipouacha, ila kwa sauti ya juu zaidi. Closer (Internal) na Closer (Further Away) ni za watu wa klabu, zimetengenezwa kwa ufundi safi, na hazina la kusema. Zimenipita masikioni mara nyingi bila kuacha alama.

Closer (Deviation) ni jambo jingine. Ni kazi ya Jack Dangers wa Meat Beat Manifesto, Mwingereza mwenye mkono mwepesi kuliko wote waliomo humu. Ameuondoa uzito na kuweka ngoma za kurukaruka na besi ya mviringo, na mtu anaweza kuishutumu kwamba imeurudisha wimbo kwenye raha. Nilikuwa miongoni mwa wasioipenda. Lakini isikilize mara baada ya Precursor, kama ilivyopangwa kwenye CD, na utasikia kitu cha ajabu: wepesi wenyewe unaanza kukera. Umetoka kuonyeshwa chumba cha mgonjwa, sasa mtu anakuchezesha mlangoni mwake. Huo mpangilio, kipande cha pili na cha tatu, ni uamuzi wa mtu anayefikiri. Wanaoisikiliza siku hizi kwa kuruka kutoka kipande hadi kipande wanaukosa.

Heresy (Blind) naiheshimu bila kuipenda. Wimbo wa asili unaishambulia dini kwa hasira ya mtu aliyewahi kuamini, na rimiksi inaichukua hasira hiyo kama ilivyo na kuikaza.

Kisha kuna Memorabilia, wimbo wa kuazima, nao una hadithi inayostahili kusimuliwa. Ni wimbo wa Soft Cell, vijana wawili wa Kiingereza, wa mwaka 1981, uliotengenezwa kwa ajili ya klabu, juu ya mtu anayekusanya vitu vya ukumbusho. Reznor ameupunguza mwendo na kuuimba kwa sauti ya chini, na mkusanyaji wa vitu vya ukumbusho anageuka mtu ambaye usingependa ajue unakoishi. Mwaka huohuo wa 1981 Soft Cell walipata umaarufu mkubwa kwa Tainted Love, ambao nao haukuwa wao; Gloria Jones aliuimba Marekani katikati ya miaka ya 1960. Na mwaka 1985, Ukimwi ukiwa unawaua vijana wa London na magazeti yakiwatukana wafu, Coil waliuchukua Tainted Love, wakaupunguza mwendo mpaka ukawa wimbo wa mazishi, na mapato yake yakapelekwa kwa Terrence Higgins Trust, shirika la kuwasaidia wagonjwa. Wimbo wa disko juu ya penzi lililoharibika ukawa maombolezo, bila kubadili maneno.

Sasa rudi kwenye CD ya Reznor: ana Coil kwenye kipande cha pili na Soft Cell kwenye cha tano. Mbinu aliyoitumia kwenye Memorabilia, na mbinu Coil waliyoitumia kwenye Closer, ni ileile waliyoizindua kwenye Tainted Love miaka tisa kabla. Punguza mwendo, toa utamu, acha maneno yasikike. Reznor hakueleza hayo popote kwenye jalada. Aliyapanga tu, mwenye masikio asikie.

Udhaifu wa singo hii ni wa kawaida kwa kazi za CD: nafasi ilikuwapo, ikajazwa. Kuiweka Closer ya asili mwishoni, baada ya rimiksi zote, ni wazo zuri, kwa sababu ukifika hapo unaisikia kama mtu aliyeonywa. Lakini kabla ya kufika umepitishwa kwenye dakika kumi hivi ambazo hazikuhitajika. Ningeziondoa Internal na Further Away, ikabaki CD ya dakika arobaini na kitu isiyo na pa kuchoka.

Alichojifunza Reznor kwa kutoa kanda zake kiliendelea kumfuata. Mwaka 1995 ilitoka Further Down the Spiral, ambamo Coil wamo tena, na ambamo mwanamuziki wa elektroniki Aphex Twin, aliyeombwa rimiksi, alileta muziki wake mwenyewe. Mwaka 1997 Reznor alikaa upande wa pili wa meza: David Bowie, yuleyule aliyekuwapo studioni Nightclubbing ilipotengenezwa, alimpa wimbo wake I'm Afraid of Americans, na rimiksi za Reznor ndizo zilizoufanya ujulikane. Mwaka 2005 aliweka wazi njia zote za sauti za wimbo wake The Hand That Feeds ili shabiki yeyote mwenye kompyuta aufumue nyumbani, jambo ambalo kampuni kubwa za muziki zilikuwa bado zinaliogopa. Na Fincher hakumsahau. Reznor na mtunzi mwenzake Atticus Ross walimtungia muziki wa The Social Network ya mwaka 2010, wakapata Oscar. Mwaka huohuo wa 2010 Reznor alianzisha kundi jipya na mkewe, Mariqueen Maandig, pamoja na Ross, akaliita How to Destroy Angels, jina la rekodi ya kwanza ya Coil ya mwaka 1984.

Balance alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 2004. Christopherson alifariki Bangkok Novemba 2010. Mwaka 2014 ikatolewa Recoiled, mkusanyo wa michanganyiko ya Coil ya nyimbo za Nine Inch Nails ambayo haikuwahi kutoka, Closer ikiwemo. Nilitarajia mabaki ya mezani, na baadhi ni hivyo. Lakini Closer iliyomo humo inaonyesha kwamba Coil waliuzunguka wimbo huu kutoka pande kadhaa kabla ya kuamua, na kwamba ule ukakasi wa Precursor haukuwa ajali ya mashine. Anayetaka kuanza aanze na Precursor, kwa spika kubwa, sauti ya juu kiasi cha kusikia ile mikwaruzo ya chini kabisa. Recoiled ifuate, na albamu nzima ije mwisho, bila kuruka wimbo hata mmoja.